Hipnosi Ikipewa Mwenzake
Wanaouza hipnosi kama dawa ya kila kitu, kuanzia sigara hadi woga wa kupanda ndege, hawapendi kusema kwamba huenda inafaa zaidi ikiwa msaidizi wa tiba nyingine. Mwaka 1995 Irving Kirsch na wenzake wawili walikusanya tafiti 18 zilizopima tiba ya fikra na tabia, ikiwa peke yake na ikiongezewa hipnosi. Mgonjwa wa wastani aliyepata zote mbili alipata nafuu kuwashinda angalau asilimia 70 ya waliokosa hipnosi. Takwimu tamu, hasa katika tafiti za kupunguza unene! Mwaka uliofuata Allison na Faith wakazirudia hesabu za unene, na faida ikanywea. Binafsi naegemea zaidi utafiti wa Richard Bryant wa Australia, wa mwaka 2005, kwa watu walionusurika ajali za magari na kushambuliwa. Hapo hipnosi haikutibu. Iliwekwa kabla tu ya zoezi gumu kuliko yote katika tiba ya fikra na tabia, lile la kulikumbuka tukio kwa makusudi, ili mgonjwa alikabili kwa hisia zake zote. Mwisho wa tiba, kumbukumbu zinazovamia zilikuwa zimepungua zaidi kwa waliopata hipnosi. Miezi sita baadaye, makundi yote mawili ya tiba hiyo, lenye hipnosi na lisilo nayo, yalikuwa karibu sawa. Kwa anayeiona ajali ileile kila akifumba macho, nafuu ya mapema si haba, ila sioni kwa nini atozwe bei ya muujiza.