Taa ya Daku

Ramadhani hii intaneti ilikatika usiku. Taa za kutuamsha daku hazikuwaka, tukafunga na njaa ya jana. Balbu ni zetu, lakini ratiba yake ilikaa kwenye seva ya kampuni ng'ambo. Kweli, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Tukachangishana, tukanunua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, balbu za Zigbee na antena yake ya USB. Tukaweka Home Assistant, programu ya bure iliyoanza mwaka 2013. Sasa amri haitoki nje ya nyumba. Anayetaka kutuiga anakili mipangilio mahali pengine kila wiki. Kadi ya kumbukumbu hufa bila kuaga. Na umeme ukikatika? Saa ya kengele ya betri tumeirudisha mezani.