Boti ya Chanjo Ikishaondoka: Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ya Kibiti

Ndugu Mganga Mkuu,

Nakuandikia kwa ajili ya kaya za delta ya Rufiji, za Salale, Kiongoroni, Maparoni, Msala na Mbuchi, ambako chanjo huja na kuondoka kwa boti. Sina ugomvi na chanjo. Surua inaua, na wanetu wachanjwe. Ninachodai ni haki ya yule mmoja aliyedhurika baada ya sindano: nani anarudi kumtazama?

Mtu akishachanjwa huambiwa akae kwanza, dakika 15 hadi 30, aangaliwe. Muda huo unafaa kwa mzio mkali, ule wa kuvimba uso na kubanwa pumzi, unaotaka adrenalini papo hapo. Madhara mengine huchelewa. Homa ya chanjo ya surua huja baada ya wiki moja hivi, na mara chache huleta degedege. Chanjo ya Janssen, ambayo Tanzania ilianza nayo Julai 2021 dhidi ya UVIKO-19, ilibainika kuwagandisha damu watu wachache sana, siku kadhaa au wiki baada ya kuchanjwa. Wakati huo boti imekwishaondoka zamani.

Basi mama wa Maparoni akimwona mwanawe anakakamaa siku ya nane, afanyeje? Pwani yetu degedege ina waganga wake wa kienyeji, na wengi wataanzia huko. Wengine watailaumu chanjo, na kijiji kizima kitaificha mikono ya watoto kampeni ijayo. Huenda wote wamekosea, kwa kuwa homa hiyo yaweza kuwa malaria, au homa ya uti wa mgongo, ugonjwa usiosubiri. Degedege ya homa mara nyingi hupita bila kuacha kilema, lakini wa kusema hivyo ni mtaalamu aliyempima mtoto. Kufuatilia kunamtibu aliyeumia, na kunaisafisha chanjo pale isipohusika.

Tukumbuke Kapoeta, Sudan Kusini, Mei 2017. Watoto 15 wa kijiji cha Nachodokopele walikufa baada ya kampeni ya surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la sindano lilitumika kuchanganyia dawa kwa siku zote 4, dawa ikiwa nje ya ubaridi, na hata watoto wa miaka 12 walipewa kazi ya kuchanja. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa, na hilo lilijulikana kwa sababu watu walikwenda kuchunguza. Chanjo ya surua ikishachanganywa inatakiwa ikae kwenye ubaridi na kumwagwa baada ya saa 6. Huku kwetu, boti inayongoja maji yajae inaweza kuzimaliza saa hizo mtoni.

Wala usiambiwe kwamba kufuatilia kaya huku hakuwezekani. Kuanzia 1998 mradi wa utafiti, ambao baadaye ulisimamiwa na Taasisi ya Afya Ifakara, ulikuwa ukipita nyumba kwa nyumba upande wa bara wa wilaya ya zamani ya Rufiji, ikiwamo Kibiti, kila baada ya miezi minne, ukiandika vizazi, vifo na waliohama. Kama jirani zetu wa bara waliweza kuhesabiwa, nasi wa delta tunaweza kutazamwa.

Tunaomba mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite kwa waliochanjwa wiki ya kwanza, na tena kabla mwezi haujaisha, akiwa na daftari, simu yenye salio na namba ya daktari anayepokea. Anayezidiwa asafirishwe hadi Nyamisati na Kibiti, na ikibidi hospitali ya Muhimbili, bila familia kuchangishwa mafuta ya boti. Taarifa iende TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na majibu ya uchunguzi yarudi kwa mzazi kwa Kiswahili anachokielewa. Mwaka 2021 ulianzishwa mpango wa fidia bila kwenda mahakamani kwa nchi 92 zilizostahili kusaidiwa kupitia COVAX, utaratibu wa kimataifa wa kugawa chanjo za UVIKO-19, Tanzania ikiwamo, kwa aliyepata kilema cha kudumu au kufiwa. Wa deltani nao waelezwe kama wana haki hapo, na wasaidiwe kuidai.

Jibu lako tunaliomba kwa maandishi, libandikwe katika kila zahanati ya delta kabla ya kampeni ijayo.