Masisi–Walikale: Mipira ya pikapu inakwisha upande mmoja, na mnunuzi wa sokoni ndiye anayelipa

Chuchumaa kando ya pikapu inayofanya kazi kati ya Sake, Masisi-kati na Nyabiondo, kisha utazame mipira ya mbele. Si ajabu kukuta bega la ndani limekuwa laini kama kiganja, huku la nje lingali na meno. Shofere atakuambia ni barabara. Ana haki, lakini nusu tu.

Barabara za upande huo zimechimbwa na malori. Magurudumu ya lori yameachana kuliko ya pikapu, kwa hiyo Hilux haiwezi kukaa sawasawa ndani ya mifereji miwili iliyoachwa na lori. Gurudumu moja linashuka shimoni, lingine linapanda mgongo wa katikati. Gari linatembea limeinama saa nzima, na shofere anashikilia usukani upande mmoja ili lisiteleze. Karibu na Goma na Sake, mawe ya volkano yanakata mipira. Ukipanda milima ya Masisi wakati wa mvua, potopoto linaficha mashimo, na kila shimo ni pigo kwa rotile na baa ya usukani. Hivyo vikilegea, magurudumu ya mbele hayatazami tena njia moja. Mpira hauviringiki vizuri, unasugua.

Nusu ya pili ni mzigo na upepo. Pikapu ya aina hiyo imetengenezwa kubeba takribani tani moja. Tujuavyo wote, inabeba magunia ya maharagwe na viazi, bidoni za mawese, fromaji ya Masisi, halafu watu juu yake. Lame za nyuma, yaani zile springi za vyuma vilivyopangana, zinalala. Pua ya gari inainuka, pembe ya magurudumu ya mbele inabadilika na usukani unakuwa mwepesi. Na upepo wa mipira unapimwa kwa kupiga teke! Kipimo kidogo cha mkono kingetosha, asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu mpira ukishapata moto unadanganya.

Fundi mzuri anasoma mpira kama daktari anavyotazama ulimi. Mabega yote mawili yakiisha na katikati ikabaki, upepo ni kidogo au mzigo ni mwingi. Katikati ikiisha peke yake, upepo umezidi. Bega moja likiisha, tafuta rotile, bushi au paralelisme. Vidimbwi vidimbwi kuzunguka mpira ni dalili ya amortisere iliyokufa. Kuna na ugonjwa mwingine ambao wengi hawautazami: boluti ya katikati ya lame ikikatika, ekseli ya nyuma inasogea na gari linatembea kiubavu kama mbwa.

Mashofere wengi wanachofanya ni kuhamisha tu: mpira ulioliwa unapelekwa nyuma, wa nyuma unakuja mbele. Kuhamisha mipira ni jambo zuri likifanywa mapema, kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Lakini likifanywa kuficha ugonjwa, linakula mipira minne badala ya miwili. Wengine wananunua ya okazioni bila kusoma tarakimu nne za ubavuni: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira wa namna hiyo unaweza kuwa na meno marefu na bado ukapasuka kwenye mteremko, watu wakiwa juu ya mzigo.

Mashine za kunyoosha magurudumu ziko mijini, na vita vimefanya mji kuwa mbali. Masisi-kati iliangukia mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo huo. Walikale-kati ilitekwa tarehe 19 Machi, kisha waasi wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Gari lililobaki upande wa Walikale haliwezi kwenda garaji ya Goma bila kuvuka mstari wa mapigano. Upande wa Kisangani ni safari ya mamia ya kilomita.

Kamba na chaki vinaweza kusaidia. Rotile zilizolegea zikishabadilishwa, fundi anaweka alama katikati ya kila mpira wa mbele, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu, na kupima umbali kati ya alama hizo upande wa mbele. Gari linasukumwa mpaka alama zile zile zifike nyuma, anapima tena. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita chache, anarekebisha baa ya usukani. Kupima kabla ya kubadilisha rotile ni kupoteza siku.

Sasa hesabu. Tuseme mpira uliopaswa kumaliza mwaka unamaliza miezi mitano. Mwenye gari hatatoa tofauti hiyo mfukoni mwake. Ataiweka kwenye bei ya kusafirisha gunia, na mchuuzi ataiweka kwenye chumvi na sabuni. Wakaaji wa Ntoto, mpakani mwa Masisi na Walikale, wako mwisho wa mnyororo huo. Soko lao lilijulikana nchi nzima Machi 1993, mauaji yalipoanzia hapo na kuenea Masisi. Leo pia, soko linategemea mzigo ufike.

Pesa za barabara zinatolewa. Sheria ya Julai 2008 iliunda FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, unaolishwa hasa na kodi juu ya mafuta ya gari. Pia kuna barieri: mwaka 2017 watafiti wa IPIS ya Ubelgiji walihesabu 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, nyingi zikitoza wapita njia. AFC/M23 nayo inatoza kodi zake kwenye maeneo inayoshikilia. Shofere analipa kote huko, halafu kwenye shimo anashuka na jembe lake mwenyewe. Salongo ya kujaza mawe na udongo inadumu mpaka mvua kubwa ijayo, kwa kuwa hakuna anayechimba mitaro ya kutoa maji pembeni. Bila mitaro, lori la kwanza baada ya mvua linafungua tena mifereji ile ile miwili.