Kilometa za baiskeli na saa za zamu zihesabiwe pamoja

Siku hizi katika kambi zetu vijana wengi wameshikwa na mapenzi ya baiskeli za mlimani. Si kinga ya kwendea sokoni, bali ile yenye matairi mapana na meno mengi ya kubadilishia mwendo. Siku ya Jumapili utawaona wakipanda vilima vya upande wa Likasi na Kambove, vumbi hadi kwenye nyusi. Wengine wanajitayarisha kwa marathoni, yaani kilometa 42 kwa miguu. Sisi wa dispensari tunalifurahia jambo hilo. Mwenye mazoezi moyo wake unapata nguvu, ugonjwa wa sukari na wa msukumo wa damu haumkaribii upesi, na saa alizozipitisha barabarani hakuzipitisha baani.

Lakini nina neno moja, na najua wengine hawatalipenda. Mwanamichezo wa mgodi hawezi kujitayarisha kama mwanamichezo wa Ulaya anayelipwa kwa mchezo. Yule akishuka kwenye baiskeli, analala. Wewe ukishuka kwenye baiskeli, unapanda machini. Kwa hiyo mimi nasema saa za zamu ni sehemu ya mazoezi, na ziandikwe katika hesabu moja na kilometa. Asiyezihesabu anawatia hatarini hata wenzake wasiowahi kugusa pedali.

Sisemi kwamba mtu wa mgodi hawezi mashindano marefu. Anaweza sana. Katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, Marekani, mwaka 1996, mshindi wa marathoni alikuwa Josia Thugwane wa Afrika Kusini, mfanyakazi wa mgodi wa makaa ya mawe wa Koornfontein. Alitumia saa 2, dakika 12 na sekunde 36, akamtangulia Mkorea Lee Bong-ju kwa sekunde 3 tu. Na ni katika michezo hiyohiyo baiskeli za mlimani ziliingia Olimpiki mara ya kwanza.

Tena ziko mbio zilizozaliwa na mgodi wenyewe. Mji wa Leadville uko katika milima ya Colorado, Marekani, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, wakati Lubumbashi yetu iko kwenye mita 1,200 hivi. Watu wake waliishi kwa mgodi wa Climax, wa molibdeni, madini yanayotiwa katika chuma ili kiwe kigumu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ilianguka, mgodi ukafungwa, wafanyakazi wengi wakabaki bila kazi. Sisi wa nchi ya shaba hatuna haja ya kuelezwa maana ya habari hiyo. Mmoja wa wachimbaji hao, Ken Chlouber, alisaidia kuanzisha mwaka 1983 mbio za miguu za kilometa 160, ili wageni waje, wale na kulala katika mji wao. Mwaka 1994 zikaongezwa mbio za baiskeli za mlimani, karibu kilometa zilezile. Waendeshaji wanapanda hadi kwenye mgodi wa zamani wa Columbine, zaidi ya mita 3,700, ndipo wanageuka.

Mwaka 1993 aliyeshinda mbio za miguu za Leadville alikuwa Victoriano Churro, mzee wa miaka 55 wa kabila la Watarahumara wa Meksiko, naye alikimbia kwa kandambili za mpira wa tairi, kama zile ambazo baba zetu walizivaa. Mwaka uliofuata mwanamke, Ann Trason, alimaliza wa pili kati ya wanaume na wanawake wote. (Wanaowacheka wasichana wetu wanaokimbia alfajiri wasome mstari huo mara mbili.)

Mzee yule alipata wapi pumzi hiyo? Hakuipata katika majuma sita ya kujitesa. Watu wake wanatembea na kukimbia milimani maisha yao yote. Na sisi mifano hiyo tunayo. Tazameni watu wa makala wanaoingia Lubumbashi asubuhi, kinga imebeba magunia hadi mtu mwenyewe haonekani. Je, umewahi kumwona mmoja wao akikimbia? Anakwenda mwendo mmoja, anapumzika kwenye kivuli, anaendelea, na jioni amefika. Ekipe zetu zinafanya kinyume: kila wanapotoka pamoja wanafanya shindano, na anayebaki nyuma anachekwa.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Sehemu kubwa ya mazoezi ya mbio ndefu inatakiwa iwe ya mwendo mwepesi, ule ambao unaweza kumsimulia mwenzako habari nzima bila kukatiza maneno kwa pumzi. Kwa mwendo huo moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo ndani ya misuli inaongezeka, na mwili unajifunza kutumia mafuta yake na kuweka akiba ya sukari. Mazoezi makali yanafaa mara moja kwa juma, au mara mbili kwa aliyezoea. Baada yake mwili unataka kupumzika, kwa sababu nguvu haziongezeki wakati unapokanyaga, zinaongezeka wakati unapolala.

Na kulala ndiko kunakowakosa. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu waliokesha. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya kazi kama mtu mwenye gramu 0.5 ya pombe katika kila lita ya damu. Akifikisha saa 24, alikuwa kama mwenye gramu 1. Sasa wewe piga hesabu. Umeamka saa 8 mchana, umeingia zamu ya usiku, umetoka asubuhi, na badala ya kwenda kitandani umepanda baiskeli kwa kilometa 60 kwa sababu ekipe inatoka siku hiyo. Unarudi saa 6 mchana: umekaa macho saa 22. Watoto wanapiga kelele, unalala saa tatu, kisha unashika tena usukani wa gari la tani nyingi gizani. Kama ungekuja kazini umelewa, walinzi wangekurudisha mlangoni. Usingizi hauna harufu, kwa hiyo unapita.

Mtu mmoja, sitamtaja yeye wala mahali pake pa kazi, aliletwa kwetu na vidole viwili vilivyosagwa na mkanda wa kubebea mawe. Alikuwa fundi mzuri, mwenye miaka mingi ya kazi bila jeraha. Jumapili ile alikuwa ameshinda mbio, na wenzake walikuwa wamembeba mabegani. Jumatatu, saa 10 ya usiku, aliona mkanda umesimama. Haukuwa umesimama.

Basi tupange namna gani? Juma la zamu ya usiku, fanya kidogo: lala kwanza, kisha dakika 40 za mwendo mwepesi kabla ya kula na kwenda kazini, zinatosha. Huo si uvivu, ni kulinda ulichokijenga. Juma la zamu ya asubuhi ndilo la mazoezi makali. Safari ndefu iwekwe siku ya mapumziko, na kama siku hizo ni mbili, iwekwe ya kwanza, ili ya pili iwe ya kulala na ya kukaa na watoto. Ongeza kilometa kidogo kidogo, na kila juma la nne punguza. Ukifanya kazi ya koleo au ya kubeba vyuma siku nzima, miguu na mgongo vimekwisha kufanya mazoezi. Usivilipishe mara mbili.

Juu ya joto, migodi yenyewe ndiyo iliyoifundisha dunia. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, yenye kina kirefu, wafanyakazi wapya walikuwa wakianguka na kufa kwa joto tangu miaka ya 1920. Baadaye waganga wa migodi wakawa wanawazoesha katika chumba cha joto na unyevu, wakipanda na kushuka kipandio saa 4 kwa siku, kwa siku 8 hivi, kazi ikiongezwa polepole. Mwili ukizoea unatoa jasho mapema na kwa wingi, moyo haupigi mbio. Lakini mazoea hayo yanapotea ukikaa majuma machache bila joto. Kwa hiyo aliyetoka likizo au aliyekuwa mgonjwa asianze mwezi wa kumi, kabla ya mvua, kama vile hakuna kilichotokea.

Watafiti wa migodi hiyo, Wyndham na Strydom, waliandika mwaka 1969 juu ya hatari ya mkimbiaji kutokunywa maji ya kutosha. Baadaye watu wakazidisha kwa upande wa pili. Wakajaza tumbo maji bila kiu, chumvi ya damu ikashuka, ubongo ukavimba, na wengine wakafa. Leo tunasema: kunywa ukiona kiu, usijilazimishe.

Usitoke na homa. Malaria inakula damu, na damu ndiyo inayobeba hewa kwenye misuli. Maliza dawa zote, ngoja juma moja baada ya homa kukoma, kisha anza kwa safari fupi. Usimeze diklofenaki wala ibuprofene ili ukimbie juu ya maumivu, kwa maana dawa hizo pamoja na jasho jingi zinaharibu figo. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mwenye damu ya AS si mgonjwa, anaweza kushindana, lakini akijitupa kwa nguvu zote kwenye joto bila kuzoea, misuli yake inaweza kuvunjika. Akiona miguu inalegea ghafla, asimame palepale. Akiona mkojo mweusi kama kahawa, aletwe kwetu siku hiyohiyo, usiku au mchana.

Mama wa nyumba wananiuliza kama ni lazima wanunue ule unga wa makopo unaosifiwa kwa wanamichezo. Hapana. Franga hizo ni za karo ya watoto. Bukari, maharagwe, ndagala na sombe vinajenga mwili vizuri, ila bukari iliwe saa tatu kabla ya safari. Njiani, kila saa, ndizi mbili au kiazi kitamu, na katika chupa maji yaliyochemshwa yenye sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo kwa lita moja. Ndiyo maji yaleyale mnayompa mtoto anayeharisha. Lutuku haimrudishii mtu nguvu, hata kama babu alisema.

Ninalo ombi pia kwa wakubwa wa klabu na kwa kampuni. Kapteni wa ekipe apate orodha ya zamu za watu wake kila mwezi, na aliyetoka usiku asiitwe kwenye mazoezi, hata kama ndiye mwepesi kuliko wote. Mbio zikiwa Jumapili, msimamizi akubali kubadilisha zamu ya Jumatatu. Kampuni inanunua jezi na kombe, na tunaishukuru. Zamu moja iliyobadilishwa ni rahisi kuliko kombe.

Wanaotaka kushindana mwaka huu waje dispensari mwezi mmoja kabla, tuwapime moyo, msukumo wa damu na damu yenyewe. Mje na daftari. Kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika moja, uandike, na kando yake uandike saa ulizolala na zamu uliyofanya. Mapigo yakipita ya kawaida yako kwa 8 au 10 asubuhi mbili mfululizo, siku hiyo baiskeli ibaki ukutani. Daftari asiyeweza kulileta mwenyewe kwa sababu ya zamu, mke wake au mtoto wake anaweza kulileta. Tunapokea kila siku hadi saa 9 mchana.