Krenki Iliyokatika na Dereva Aliyelaumiwa

Ni desturi yetu, gari liharibikapo, kumtafuta mkosaji kabla ya kuutafuta ufa. Miaka kadhaa iliyopita dereva mmoja wa lori aliachishwa kazi kwa sababu krenkishafti ya injini, ambayo mafundi huiita krenki, ilikatika vipande viwili. Mwenye lori alidai kuwa dereva alizidisha mzigo. Vipande hivyo vilipoletwa chuoni kwetu, niliona kwamba chuma chenyewe kilikuwa na ushahidi mwingine.

Tukumbuke kwanza kazi ya krenki. Pistoni hupanda na kushuka. Krenki, kwa viwiko vyake, huugeuza mwendo huo kuwa mzunguko. Tuchukue pistoni yenye kipenyo cha milimita 80, inayosukumwa na gesi yenye kanieneo ya megapaskali 6. Kuzidisha kanieneo kwa eneo kwatosha kutuonyesha kuwa kani yake ni nyutoni 30,000 hivi, sawa na uzito wa tani 3. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hutoa pigo hilo mara 25 kwa sekunde, yaani mara 90,000 kwa saa.

Metali yaweza kustahimili pigo moja kubwa, kisha ikashindwa na mapigo madogo yanayorudiwa mamilioni ya mara. Huo ndio uchovu wa metali. Kwa hiyo msanifu huiviringa kila kona ambapo shingo ya krenki hukutana na kiwiko, maana kona kali hukusanya mkazo mahali pamoja. Krenki nyingi za kazi nzito hufuliwa kwa chuma cha pua kilichopashwa moto sana, ili nyuzi za chuma zifuate umbo la viwiko. Ndipo shingo huchongwa na kusuguliwa.

Krenki ile ilikuwa imechongwa upya ili ipokee beringi za saizi nyingine, na mchongaji aliacha kona kali. Sehemu kubwa ya mvunjiko ilikuwa laini, yenye mistari kama ile iachwayo mchangani na maji ya bahari yanapokupwa: ufa ulikuwa umetembea polepole kutoka konani. Sehemu ndogo tu ilikuwa na chenga, nayo ndiyo iliyokatika siku ile. Mzigo mmoja uliozidi usingeweza kuandika mistari hiyo.

Yuko atakayesema kwamba hayo ni mambo ya vyuo vya ufundi, si ya shule za sekondari. Sikubaliani naye. Krenki mbovu hutupwa katika gereji zetu kama chuma chakavu. Mwalimu wa fizikia na aiombe moja, aiweke mezani, na wanafunzi waipime, wakokotoe kani, wausome mvunjiko. Kesho miongoni mwao watatoka wachongaji, wenye malori na mahakimu. Dereva yule alikuwa amekwisha kwenda zake tulipomaliza uchunguzi. Asiwepo mwingine atakayehukumiwa kwa kosa la kona ya milimita chache.