Kuzima na Kuwasha Si Kutengeneza

Wasee wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, hii tabia itatufilisi. Printa ya saiba ikikwama tunazima, tunawasha, tunaomba Mungu. Kesho inakwama tena na wateja wanahamia kwa jirani.

Taiichi Ohno wa Toyota, hao hao wenye Probox, alifundisha kuuliza "mbona" mara tano. Mashine imesimama, mbona? Mzigo umezidi, fyuzi ikaungua. Mbona umezidi? Beringi imekosa mafuta. Mbona? Pampu inavuta kidogo. Mbona? Shafti yake imelika. Mbona? Haina chujio, vyuma vimeingia.

Ukibadilisha fyuzi tu, utanunua ingine hivi karibuni.

Kwa hivyo kabla ulipe fundi, muulize shida ilitoka wapi. Akisema tu "iko sawa sasa", jua mtaonana tena.