Kata Kwanza, Simu Baadaye

Siku hizi mwalimu wa sayansi aweza kumwagiza mwanafunzi alete kazi yenye picha, sauti na michoro, badala ya kurasa mbili zilizonakiliwa kitabuni. Jioni mtoto humjia mzazi: "Baba, naomba simu, mwalimu ametupa kazi." Wako wazazi wanaofoka, wakidhani ni hila ya kutafuta mchezo. Wako wanaoitoa simu na kuendelea na mazungumzo yao. Wote wawili wamekosea.

Mtoto aliyepewa simu bila mwongozo hufuata njia iliyo rahisi. Akitakiwa kueleza mbu anayeeneza malaria, atachukua kwenye intaneti picha ya mbu anayependeza, pengine yule mwenye madoa meupe miguuni. Kumbe huyo ni Aedes, mwenezaji wa homa ya dengue. Wa malaria ni Anopheles. Kazi itang'aa na muziki utasikika, lakini ndani yake mna uongo. Mtoto aliyeufanya hatajua, wala mdogo wake anayeitazama hatajua.

Tuichukue familia ya mfanyakazi wa reli ya TAZARA, inayoishi Ifakara. Bonde la Kilombero lina maji tele: mto wenyewe, mafuriko ya masika, majaruba ya mpunga na madimbwi ya pembezoni mwa mashamba. Sayansi iko mlangoni. Mtoto afuatane na mtu mzima, achote maji ya dimbwi kwa kata, ayamimine katika bakuli jeupe, kisha atazame bila haraka. Viluwiluwi wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, kwa kuwa hawana mrija mrefu wa kuvutia hewa. Wa Culex, mbu wa mitaro michafu, huning'inia kichwa chini, wakivuta hewa kwa mrija ulio karibu na mkia. Tofauti hiyo huonekana kwa macho matupu.

Hapo ndipo simu inapopata kazi ya heshima. Chombo kifunikwe kwa kitambaa chepesi. Kila siku, saa ile ile, mtoto apige picha moja na aandike katika daftari tarehe na idadi ya aliowaona. Katika joto la bondeni, mbu hukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Wakifikia hatua ya pupa, wenye umbo kama alama ya mkato, maji yamwagwe juani penye udongo mkavu, ili tusifuge adui kwa jina la masomo. Picha hizo zikipangwa kwa tarehe zitaeleza habari ambayo hakuna aliyeinakili.

Kisha ije sauti. Mtoto aombe ruhusa, ndipo amrekodi bibi au mkulima jirani, akiuliza: dimbwi hili hukauka mwezi gani? Swali hilo si la kupitisha wakati. Utafiti wa wanasayansi wa Taasisi ya Afya Ifakara, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba katika vijiji vya bonde hili mbu aitwaye Anopheles funestus alibeba sehemu kubwa ya maambukizi ya malaria, ingawa Anopheles arabiensis walikuwa wengi kuliko yeye. Na funestus hupenda maji yanayodumu, yenye majani. Jibu la bibi basi ni taarifa ya kisayansi. Mwisho, mtoto achore ramani ya mtaa, akitia alama madimbwi yanayokauka na yasiyokauka.

Njia hii si ngeni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kufyeka, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Sauti, maandishi na picha vilikuwa njia tu. Kilichotafutwa kilikuwa kazi iliyofuata. Yafaa kazi ya mtoto ipimwe kwa kipimo hicho hicho.

Liko jambo moja zaidi. Mtoto akifika sekondari hufundishwa sayansi kwa Kiingereza, na aghalabu hukariri maneno asiyoweza kumweleza mama yake. Mzazi unao uwezo wa kuliponya hilo, hata kama hukusoma sayansi. Kabla kazi haijapelekwa shuleni, familia iketi, mtoto aionyeshe na kuieleza kwa Kiswahili. Mwulize maswali matatu: Umeliona wapi? Umelihesabuje? Sasa tufanye nini?

Akishindwa kujibu la kwanza, mrudishe dimbwini. Akishindwa la pili, mrudishe kwenye daftari. Akilijibu la tatu, basi ndugu, usimpigie makofi tu ukaenda kulala. Kesho asubuhi shika jembe, ufuatane naye hadi kwenye dimbwi alilolitia alama, mkalifukie pamoja.